Kuhesabu watu wa grupma yenye vijiji vilivyotawanyika: namna ya kujaza kaye

Hesabu ya mwisho ya watu wa Kongo nzima ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo, idadi zinazotajwa katika biro za Lubumbashi ama ni makadirio, ama zimetoka kwenye kaye (daftari) ya shefu fulani wa kijiji. Kwa hiyo wewe sekretere wa grupma (kundi la vijiji) huko Mitwaba, Kasenga au Pweto, ambako unaweza kuendesha baiskeli nusu siku bila kukutana na mtu, usingoje hesabu nyingine ije kusahihisha ya kwako.

Namba hupanda hivi: kijiji, grupma, sekta au sheferi (eneo la shefu wa kimila), teritwari (wilaya), kisha jimbo la Haut-Katanga. Katika ngazi za vijijini, ni sekta na sheferi tu zenye bajeti yao. Grupma na teritwari ni vitengo vya utawala. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa miji, komini (manispaa), sekta na sheferi asilimia 40 ya fungu ambalo jimbo linapata kutoka mapato ya taifa, na mgawanyo huangalia uwezo wa kuchangia, ukubwa wa eneo na idadi ya watu. Kama pesa zenyewe hufika, hiyo ni habari nyingine. Sheria hiyohiyo inataka watu wasiopungua 20 000 ili makazi yapewe hadhi ya komini kwa dekreti ya Waziri Mkuu. Makao makuu ya teritwari peke yake hayaulizwi idadi.

Fanya kazi Julai au Agosti. Mahindi yameshavunwa, na mvua ya Novemba haijakata barabara. Chukua kaye ngumu ya kurasa 200, chaki, mfuko wa nailoni, na kalamu za risasi badala ya biki, maana wino ukilowa ukurasa mzima umepotea. Mwende wawili: mmoja anauliza, mwingine anaandika. Kijijini mtamaliza menaji (kaya) 40 kwa siku. Kwenye mashamba ya mbali, 12 hadi 15, na msijilaumu.

Kabla ya kuingia nyumba ya kwanza, keti na papa shefu na wazee, muandike kila mahali panapolala watu: vitongoji, makambi ya makala, makambi ya wavuvi, machimbo ya kreseri (wachimbaji wa mikono). Orodha ya shefu haitoshi, kwa sababu yeye anataja wale wanaomtambua. Muulize pia nesi, katekista na dereva wa lori la makala. Huyo wa mwisho anajua watu ambao biro haijawahi kuwasikia. Kambi isiyo na shefu iandikwe chini ya kijiji kilicho karibu nayo, na wakuu wote wawili wa jirani waambiwe, la sivyo itahesabiwa mara mbili au isihesabiwe kabisa.

Menaji ni watu wanaokula chungu kimoja. Mume mwenye wake wawili na vyungu viwili ana menaji mbili, lakini yeye anaandikwa mara moja tu, kwa mke wa kwanza. Mstari wa kaye uwe hivi: Na. 14, jina la mkubwa wa menaji, wanaume 1, wanawake 1, wavulana 3, wasichana 2, jumla 7. Kwa mke wa pili, Na. 15, safu ya wanaume iwe 0, na pembeni uandike «mume yuko Na. 14». Namba hiyohiyo iandikwe kwa chaki juu ya mlango. Anayehesabiwa ni yule aliyekaa pale miezi 6, au aliyekuja kwa nia ya kubaki. Mtoto anayesoma na kulala Lubumbashi haingii. Mchoma makala wa miezi miwili anaandikwa kwao.

Andika mwaka wa kuzaliwa, si umri, maana umri huzeeka ndani ya kaye. Mzee asiyejua mwaka wake, mpe matukio: uhuru (1960), mwisho wa sesesyo, yaani Katanga kujitenga (1963), Elisabethville kuitwa Lubumbashi (1966), nchi kuitwa Zaire (1971), vita ya siku 80 (1977), AFDL, waasi wa Kabila, kuingia Lubumbashi (1997), Katanga kugawanywa (2015). Usiulize «ulizaliwa lini?» Uliza «wakati wa vita ya siku 80, ulikuwa unabebwa mgongoni au unachunga mbuzi?»

Makosa makubwa hayatoki kwenye kujumlisha. Watu wakihisi kodi, wanaume hupotea katika orodha. Wakisikia vyandarua, watoto huzaliwa usiku mmoja. Kwa hiyo usihesabu wiki ya mgao wala pamoja na mkusanya kodi. Usinakili pia idadi ya kituo cha afya: eneo lake halifuati mipaka ya grupma.

Jioni, pima ukurasa. Katika watu 100, wasiofikisha miaka 18 huwa nusu au zaidi kidogo, na wachanga chini ya mwaka mmoja karibu 4. Usipomwona hata mmoja, rudi uulize: wachanga ndio husahauliwa kwanza. Wanaume wakizidi sana machimboni ni kawaida; kijijini, tafuta sababu.

Ukikuta mchanga, uliza cheti cha kuzaliwa. Mara nyingi utaonyeshwa karatasi ya maternite (wodi ya uzazi), na hiyo siyo cheti cha serikali. Wazazi waende nayo kwenye biro ya eta-sivili (ya kuandikisha vizazi na vifo) ndani ya siku 90. Zikipita, mambo huenda kwa hakimu.

Peleka nakala mbili sekta, na moja irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Orodha ya menaji iambatane na jumla, kwa sababu jumla peke yake hubadilishwa njiani bila mtu kugundua. Kaye yenyewe haitoki grupma. Kurasa zake za mwisho uziache kwa waliozaliwa, waliokufa, waliohamia na waliohama, na uzijaze kila mwisho wa mwezi mashefu wa vijiji wanapokuja kwenye kikao.