Namna ya Kuandaa Jedwali la Kura za Ubunge kwa Mikoa ya Lindi na Mtwara

Kila uchaguzi mkuu unapopita, swali linalosikika zaidi kwenye mabaraza ya kahawa kuanzia Kilwa Masoko hadi Mikindani ni hili: mkoa wetu umekwenda kwa nani? Ni swali la haki, lakini ukilijibu kwa kura za ubunge utakosea tangu mwanzo, kwa kuwa mkoa haumchagui mbunge yeyote. Mbunge huchaguliwa na jimbo, kwa wingi wa kura bila sharti la kufikisha nusu, na mkoa ni kapu tu ambamo tunayaweka majimbo ili tuyatazame kwa pamoja. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulipanga kapu hilo, yaani jinsi ya kuandaa jedwali la matokeo ya ubunge ya mkoa mzima ambalo mtu mwingine atalisoma baada ya miaka kumi, akalielewa na akaliamini. Nauandika kwa ajili ya walimu wa uraia, wanafunzi, mawakala wa vyama na mwananchi yeyote mwenye subira, kwa sababu kumbukumbu za kura za kusini zinapotea haraka mno mikononi mwetu wenyewe.

Nunua daftari la kaunta na kalamu ya wino. Kompyuta inasaidia baadaye, wakati wa kujumlisha, lakini chanzo cha kwanza kiwe karatasi, kwa maana simu huibwa, huharibika na hufutwa. Siku ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini, na aliyekuwa akitegemea kutumiwa picha za matokeo kwenye simu alibaki mikono mitupu, ilhali aliyekuwa na daftari aliendelea na kazi yake.

Kuyajua majimbo kabla ya kura

Ukurasa wa kwanza wa daftari uwe wa orodha ya majimbo. Mkoa wa Mtwara una majimbo 10: Mtwara Mjini, Mtwara Vijijini, Nanyamba, Tandahimba, Newala Mjini, Newala Vijijini, Masasi Mjini, Ndanda, Lulindi na Nanyumbu. Mkoa wa Lindi una 8: Lindi Mjini, Mchinga, Mtama, Nachingwea, Ruangwa, Liwale, Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini. Mbele ya kila jimbo andika wilaya na halmashauri yake, kwa sababu mambo haya matatu hayalingani na ndipo makosa mengi huanzia. Wilaya ya Masasi peke yake ina majimbo matatu, na Wilaya ya Mtwara nayo ina matatu. Kilwa ni halmashauri moja yenye majimbo mawili. Manispaa ya Lindi nayo ina majimbo mawili, Lindi Mjini na Mchinga, tangu eneo la Mchinga lilipounganishwa na manispaa na sehemu iliyobaki ya iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Lindi kuitwa Mtama. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba fulani ameongoza katika manispaa, muulize kwanza anazungumzia jimbo lipi.

Mipaka nayo hubadilika. Nanyamba na Ndanda ni majimbo yaliyoanza kuchagua wabunge mwaka 2015, na mwaka huo huo Newala, iliyokuwa jimbo moja, ikagawanywa kuwa mbili. Usiweke safu ya mwaka 2010 kando ya safu ya mwaka 2015 kwa majimbo hayo kana kwamba ni eneo lile lile. Acha nafasi wazi katika safu ya 2010, kisha andika chini yake kwamba jimbo halikuwepo. Nafasi wazi yenye maelezo ina thamani kubwa kuliko tarakimu iliyobandikwa mahali pasipo pake.

Karatasi ya kituo

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote. Kura za Tanzania huhesabiwa kituoni, mara tu baada ya upigaji kura kufungwa saa 10 jioni, na tarakimu nyingine zote za juu, za kata, za jimbo na za mkoa, ni jumla ya kile kilichoandikwa usiku ule darasani au chini ya mwembe. Msimamizi wa kituo hujaza fomu ya matokeo kwa kila aina ya uchaguzi. Ile ya ubunge imejulikana kwa miaka mingi kwa jina la Fomu namba 21B, huku 21A ikiwa ya rais na 21C ya diwani. Mawakala husaini na kupewa nakala, na nyingine hubandikwa mahali pa wazi kituoni ili kila mtu aisome.

Kama wewe ni wakala, nakala hiyo ni mali ya thamani, na ninakusihi uiandike kwenye daftari lako kabla hujaikabidhi kwa chama chako. Kama wewe si wakala wala mtazamaji aliyepewa kibali, usijaribu kuingia katika chumba cha kuhesabia. Rudi asubuhi ya siku inayofuata, usome fomu iliyobandikwa na uinakili neno kwa neno. Usitangaze mshindi, hata kama hesabu yako inaonyesha wazi, kwa kuwa kutangaza mshindi wa ubunge ni kazi ya msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, na jedwali lako ni kumbukumbu tu, si tangazo.

Mambo ya kunakili ni jina la kituo na kata, idadi ya walioandikishwa, idadi ya waliopiga kura, kura halali, kura zilizokataliwa, na kura za kila mgombea pamoja na jina la chama chake. Nakili zote, hata ile iliyo sifuri. Ninayo karatasi ya kituo kimoja cha mwaka 2015 ambayo niliinakili kwa haraka bila kuandika kura zilizokataliwa, na mpaka leo sijaweza kuitumia, kwani sina njia ya kujua kama hesabu yake inajifunga.

Kujifunga kwa hesabu ndiyo kinga yako. Chukua mfano wa kubuni wa kituo chenye walioandikishwa 412. Waliopiga kura ni 268, kura zilizokataliwa ni 9, na halali ni 259. Wagombea watatu wamepata 131, 117 na 11. Jumlisha kura za wagombea: lazima upate 259. Ongeza zilizokataliwa: lazima upate 268. Hesabu isipofika, usiirekebishe kwa kichwa chako. Andika kama ilivyo kwenye fomu, uweke alama pembeni, kisha ulinganishe na nakala ya wakala mwingine. Katika mfano huu, waliojitokeza ni asilimia 65 ya walioandikishwa, na mshindi amepata asilimia 50.6 ya kura halali, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 32 ya walioandikishwa. Tarakimu zote mbili ni za kweli, lakini kila moja inajibu swali lake, hivyo andika daima ni asilimia ya nini.

Kwa kuwa uchaguzi wetu umekuwa ukifanyika Oktoba, huangukia katikati ya msimu wa korosho. Anayeishi Tandahimba au Newala anajua kwamba kipindi hicho familia nyingi huhamia mashambani kuokota, na siku ya mnada wa chama cha ushirika mtu huwa na safari nyingine kabisa kichwani mwake. Idadi ndogo ya wapiga kura katika kituo fulani inaweza kuwa imetokana na hilo, au na umbali, kama ilivyo katika vijiji vya Liwale vilivyotawanyika, au na bahari, kwa wakazi wa visiwa vya Kilwa wanaotegemea mashua. Andika unachokijua kuhusu kituo siku hiyo hiyo, kwa sentensi moja au mbili, kwa maana tarakimu peke yake haitakukumbusha.

Kujumlisha jimbo, na maelezo ya chini

Fomu za vituo hupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi, ambaye hujumlisha mbele ya mawakala na kumtangaza mshindi hapo hapo jimboni. Hii ni tofauti na kura za rais, ambazo jumla yake huendelea hadi kwa Tume ya uchaguzi. Jumla yako ya vituo ilinganishwe na jumla iliyotangazwa, na ikiwa hukupata vituo vyote, andika umepata vingapi kati ya vingapi. Baadaye Tume hutoa taarifa yake yenye matokeo ya kila jimbo. Ukizitafuta taarifa za zamani kumbuka kwamba hadi sheria mpya ya mwaka 2024 chombo hicho kiliitwa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, na sasa ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

Jedwali lisilo na maelezo ya chini litamdanganya msomaji, na uchaguzi wa mwaka 2015 unaonyesha sababu. Mwaka huo CUF ilishinda Kilwa Kaskazini, Kilwa Kusini, Mchinga na Liwale, yaani majimbo manne kati ya manane ya Lindi. Kwa Mtwara ilichukua Mtwara Mjini na Tandahimba, na CHADEMA ikachukua Ndanda. Lakini Masasi Mjini haikupiga kura ya ubunge siku hiyo, kwa sababu Emmanuel Makaidi, mwenyekiti wa chama cha NLD na mgombea wa jimbo hilo, alifariki dunia siku chache kabla ya uchaguzi, na sheria inataka uchaguzi wa jimbo uahirishwe mgombea aliyeteuliwa anapofariki. Wakazi wa Masasi Mjini walimchagua mbunge wao Desemba 2015. Anayejumlisha kura za mkoa za Oktoba bila kulieleza hili, anawahesabu watu wa Masasi kana kwamba walikaa nyumbani.

Weka safu mbili tofauti, moja ya jina la mbunge na nyingine ya chama. Zuberi Kuchauka alishinda Liwale kwa CUF mwaka 2015, akahamia CCM, na mwaka 2018 akarudi bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa jimbo lile lile. Cecil Mwambe alishinda Ndanda kwa CHADEMA mwaka 2015 na kwa CCM mwaka 2020. Mwenye safu ya chama tu ataona jimbo limegeuka, na mwenye safu ya jina tu ataona halikugeuka.

Weka pia alama kwenye jimbo ambalo halikuwa na ushindani. Mwaka 2020 wagombea wa majimbo kadhaa nchini walipita bila kupingwa, na mahali hapo hakuna kura za ubunge za kuandika. Usijaze sifuri, kwa kuwa sifuri humaanisha kwamba watu walipiga kura na mgombea hakupata hata moja.

Kusoma jedwali lililokamilika

Sasa ndipo unaweza kurudi kwenye swali la barazani. Wengi hueleza ushindi wa CUF katika Mtwara Mjini mwaka 2015 kwa machungu yaliyobaki baada ya vurugu za gesi za mwaka 2013, watu walipopinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Maelezo hayo yana uzito na siyakatai. Lakini tazama mstari wa pili wa jedwali: Mtwara Vijijini, ambako ndiko iliko Msimbati na visima vya gesi vya Mnazi Bay, ilibaki na CCM mwaka huo. Kisha mwaka 2020, CCM ilipochukua majimbo 17 kati ya 18 ya mikoa hii miwili, jimbo lililobaki lilikuwa hilo hilo la Mtwara Vijijini, ambalo lilimchagua Shamsia Mtamba wa CUF. Jimbo lililotulia wakati jirani yake akigeuka, ndilo lililogeuka wakati wote wametulia. Sababu zake zinapaswa kutafutwa huko huko, kata kwa kata, kwa kuwauliza watu waliopiga kura, wala si kwa kusema mkoa ulikasirika au mkoa ulisamehe.

Kosa lingine ni kudhani kwamba kura za aliyeshindwa zimekufa. Viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge nchini, kila chama kwa uwiano wa kura zake. Hivyo kura iliyopigwa Nachingwea kwa chama kilichoshindwa jimboni bado inaweza kuhesabiwa katika mgawo huo wa taifa, na ndiyo maana jedwali lako liwe na kura za kila mgombea, si za wawili wa juu tu.

Ukilinganisha kura za ubunge na za rais katika kituo kimoja, usishangae jumla zikitofautiana. Mtu aliyeruhusiwa kupigia kura nje ya jimbo lake hupewa karatasi ya rais peke yake, na wapo wanaoharibu karatasi moja na kuiacha nyingine ikiwa halali. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikiwa kubwa katika kituo kimoja na si katika jirani zake, rudi kwenye nakala ya fomu.

Usilifunge daftari siku mshindi anapotangazwa. Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu kwa shauri linalofunguliwa ndani ya siku 30 tangu yatangazwe, na mashauri ya mikoa hii husikilizwa na Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara. Acha kurasa tatu tupu baada ya kila jimbo kwa ajili ya hukumu, vifo, kuhama kwa vyama na chaguzi ndogo za miaka mitano inayofuata, andika tarehe ya kila nyongeza, kisha toa nakala mbili, moja ukae nayo na nyingine uikabidhi kwenye maktaba ya shule iliyo karibu nawe.