Usiilipe jana kwa njaa ya leo

Ndugu yangu unayekula usiku kwa kujificha mpaka tumbo linauma, mkono haukusikii, kisha asubuhi unaapa kushinda na njaa: usishinde nayo. Hiyo njaa ndiyo inayokurudisha jikoni usiku. Kaa mezani, kunywa chai yako na mahamri na mbaazi, hata kama jana ulimaliza sinia zima. Kula milo mitatu, na kitu kidogo katikati; usikae zaidi ya saa 3 au 4 bila kutia kitu tumboni.

Weka kidaftari. Andika papo hapo, usingoje kulala: “Jioni, viazi karai, nimesimama ngazini, nimetoka kugombana na dada.” Kalori usihesabu. Baada ya siku chache utaona wapi panapokuponza.

Huu si ulafi, ni ugonjwa wa kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia, na unatibika. Uingereza, mwongozo wa 2017 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unaanza na kujisaidia hivi kwa watu wazima, ukiwa na mtu wa kukuongoza: kwa mfano vikao 4 hadi 9 vya dakika 20, ndani ya wiki 16. Wiki 4 bila nafuu, tafuta mshauri. Anayejitapisha, anayejidunga insulini au anayewaza kujidhuru aanzie kwa daktari.