Namna ya Kukusanya na Kutambua Bendera za Kisovyeti na Bendera za Tuzo

Anayeanza kukusanya bendera za Umoja wa Kisovyeti mara nyingi hutanguliza swali la bei, ilhali linalopaswa kutangulia ni lile la maandishi na nembo zilizomo kwenye kitambaa. Bendera hizi zilishonwa katika dola iliyobadilisha majina ya vyombo vyake mara kwa mara, na kila badiliko liliacha alama. Mwenye kujua tarehe chache tu anaweza kukadiria umri wa bendera kabla hajaigusa, kisha akaangalia kama kitambaa, nyuzi na mishono vinakubaliana na umri huo.

Bendera ya taifa ndiyo rahisi kupatikana na ndiyo inayotoa habari chache zaidi. Ni nyekundu, urefu wake ni mara mbili ya upana, na nyundo na mundu chini ya nyota huwekwa kwenye pembe ya juu karibu na mlingoti. Kanuni za 1980 ziliondoa nembo hiyo upande wa nyuma, kwa hiyo bendera yenye nembo upande mmoja tu kwa kawaida ni ya muongo wa mwisho, kabla haijateremshwa Kremlin tarehe 25 Desemba 1991. Tazama pia ukingo wa upande wa mlingoti, kwa sababu viwanda vingi vilipiga hapo muhuri wa wino wenye jina la kiwanda, namba ya bidhaa, bei na pengine mwaka. Bei nayo husaidia: mwaka 1961 ruble (sarafu ya nchi hiyo) mpya moja ilichukua nafasi ya ruble kumi za zamani, hivyo bei iliyo kubwa isivyo kawaida huelekeza kwenye miaka ya kabla ya hapo.

Bendera za jamhuri zilizounda Umoja huo zinavutia zaidi. Awali zilikuwa nyekundu tupu zenye jina la jamhuri kwa herufi za dhahabu, na kuzitofautisha kwa mbali ilikuwa kazi ngumu. Ukraine na Belarus zilikuwa na viti vyao katika Umoja wa Mataifa tangu 1945, na kati ya 1949 na 1954 kila jamhuri ilipewa muundo wake: Ukraine mstari wa samawati sehemu ya chini, Belarus nakshi ya kufuma karibu na mlingoti, Estonia mawimbi, Georgia jua lenye miale kwenye pembe, na Urusi mstari wa buluu upande wa mlingoti.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, bendera za tuzo ndizo zinazostahili muda wako mwingi. Iliyoenea zaidi ni Bendera Nyekundu ya Kupokezana, ambayo washindi wa mashindano ya kijamaa, yaani mashindano ya uzalishaji kati ya sehemu za kazi, wawe kiwanda, shamba la pamoja au kikosi cha wafanyakazi, waliishika kwa kipindi fulani kisha wakawakabidhi washindi waliofuata. Mara nyingi ni ya mahameli, ina matamvua ya dhahabu, na imetengenezwa kwa vipande viwili vilivyoshonwa mgongo kwa mgongo ili maandishi yasomeke sawasawa pande zote mbili. Kwa kuwa ilipita mikononi mwa wengi, kuchakaa sehemu ya mlingoti ni jambo la kutarajiwa, na mahameli yasiyo na hata mkunjo yanahitaji maelezo.

Jifunze kusoma herufi za Kikirili, zinazotumika kuandika Kirusi, angalau vifupisho. Chama tawala kikiandikwa ВКП(б), yaani Chama cha Kikomunisti cha Muungano Wote (cha Wabolsheviki), bendera ni ya kabla ya Oktoba 1952, na kikiandikwa КПСС, yaani Chama cha Kikomunisti cha Umoja wa Kisovyeti, ni ya baada ya hapo. Serikali ikiitwa СНК, yaani Baraza la Makamisaa wa Watu, bendera ni ya kabla ya Machi 1946, wakati mabaraza ya makamisaa yalipogeuzwa kuwa mabaraza ya mawaziri. Maneno yanayotaja kikosi cha kazi ya kikomunisti hayawezi kuwa ya kabla ya 1958, mwaka ambao harakati hiyo ilianza. Sura ya Stalin kando ya Lenin iliondolewa kwenye bendera mpya baada ya Mkutano wa 20 wa chama mwaka 1956. Katika jamhuri za Asia ya Kati na Azerbaijan, lugha za wenyeji ziliandikwa kwa herufi za Kilatini tangu mwisho wa miaka ya 1920 hadi karibu 1940, zilipobadilishwa kuwa za Kikirili.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni nembo ya taifa, yaani ile yenye dunia iliyozungukwa na masuke ya ngano. Hesabu mizunguko ya utepe mwekundu kwenye masuke ya ngano, ambayo kila mmoja uliandikwa kwa lugha ya jamhuri mojawapo wito wa wafanyakazi wa nchi zote kuungana. Tangu katiba ya 1936 ilikuwa 11, ikawa 16 mwaka 1946, kisha ikabaki 15 mwaka 1956 baada ya jamhuri ya Karelia na Wafini kufutwa. Hesabu hiyo huonyesha mwaka ambao bendera haiwezi kuutangulia. Haikuambii ilishonwa lini hasa, kwa kuwa fundi angeweza kuendelea kutumia kielelezo cha zamani.

Baada ya maandishi, chunguza kazi ya mikono. Bandia nyingi hutariziwa kwa mashine za kompyuta, na mishono yake hulingana kupita kiasi, huku karatasi nyeupe ya kushikilia kitambaa ikionekana kwa nyuma. Chungulia kwenye upindo uliofumuka. Nyuzi zinazong'aa chini ya taa ya urujuanimno kwenye bendera inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1930 zinatia shaka, ingawa sabuni za kisasa nazo huacha mng'ao huo, basi usitoe hukumu kwa dalili hiyo peke yake.

Kuhusu bendera za vita za vikosi vya jeshi, tahadhari sana. Kwa kanuni za jeshi la Kisovyeti, kikosi kilichopoteza bendera yake kwa woga kilivunjwa na kamanda wake kushtakiwa, kwa hiyo hazikuwa vitu vya kuuzwa. Inayotolewa sokoni huenda ni nakala, au imetoka mahali isipopaswa kutoka. Zingatia pia sheria: Lithuania tangu 2008 na Ukraine tangu 2015 zimepiga marufuku kuonyesha hadharani alama za Kisovyeti, na Urusi ina masharti ya kutoa vitu vya kale nje ya nchi. Ulizia kabla ya kulipa.

Bendera ya tuzo usiifue kamwe, kwa maana rangi nyekundu huchuja na kuchafua nyuzi za dhahabu. Ondoa vumbi kwa brashi laini, kisha izungushe kwenye bomba pana lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, manyoya ya mahameli yakitazama nje, wala usiikunje. Iweke gizani, mbali na nondo, na kwa wanaoishi pwani, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Piga picha pande zote mbili na muhuri wa kiwanda, andika ulikoipata na alichokuambia muuzaji, na karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na bendera.