Jinsi ya kupima tredi ya staa mwenye umri na majeraha

Timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ikichukua staa mwenye miaka 34 au 35 kwa tredi, yaani kwa kubadilishana na timu nyingine, pointi zake ziache kwanza, angalia amecheza gemu ngapi misimu mitatu iliyopita na aliumia wapi, maana kidole kilichovunjika kinapona ila kano ya Achilles (ya kisigino) au jeraha la goti linalorudia rudia ni habari nyingine kabisa.

Halafu angalia kilichotolewa, hapa ndo watu wengi wanapita haraka. Suns Februari 2023 walimchukua Kevin Durant, wakatoa Mikal Bridges, Cam Johnson, Jae Crowder na piki nne (nafasi za kuchagua wachezaji wapya kwenye drafti) za raundi ya kwanza zisizo na ulinzi wowote, yaani zinaondoka hata zikiwa za juu kabisa, juu yake haki ya kubadilishana piki ya 2028. Na Durant kweli alicheza, msimu wa 2023-24 gemu 75, lakini timu ilibaki haina kina, wakafagiwa 4-0 na Minnesota, mwaka uliofuata hata pleiofu hawakufika, Julai 2025 akaenda Houston. Kwa hiyo jeraha sio hatari pekee jamani, benchi tupu linaumiza vilevile!

Piki za mbali ndo za kuogopa zaidi, zinakuja staa akiwa ameshachoka au ameondoka. Nets 2013 waliwachukua wakongwe Garnett na Pierce kutoka Boston, na kwa piki walizotoa Boston wakaja kupata Jaylen Brown na Jayson Tatum, mastaa wa baadaye.

Mwisho cheki mkataba, unaisha akiwa na miaka mingapi.