Somo: Kutambua vyuma vya ndani vya injini ya Volkswagen Beetle kabla ya kununua spea

Vyuma vya Beetle vya miaka tofauti huingiana kwa urahisi, na ndiyo maana injini nyingi zilizobaki barabarani ni mchanganyiko. Ukinunua spea kwa kufuata kadi ya gari utapoteza hela. Fungua injini kwanza, osha, pima, ndipo uende dukani.

1. Soma namba, lakini usiiamini peke yake

Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, chini ya stendi ya dinamo. Herufi za mwanzo ndizo muhimu: D ni 1200 (ukubwa wa injini kwa cc), F ni 1300, H ni 1500. AB na AR ni 1300 za miaka ya 1970, AD na AS ni 1600. Herufi hizo zinakuambia bloku lilitoka kiwandani likiwa na nini. Kilichomo leo ni habari nyingine.

2. Pima silinda na mwendo wa pistoni

1200 ni silinda ya mm 77 na mwendo wa mm 64. 1300 ni 77 kwa 69. 1500 ni 83 kwa 69, na 1600 ni 85.5 kwa 69. Angalia hapo: 1200 na 1300 zina kipenyo kilekile, kwa hiyo kupima silinda peke yake hakutoshi. Ukishatoa hedi (kifuniko cha juu ya silinda), ishikilie silinda isipande, zungusha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), upime pistoni imetembea kiasi gani kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Bloku la 1300 linapokea silinda za 1600, ila hedi za 1300 hazizipokei. Anayebadilisha silinda abadilishe na hedi.

3. Krenki na bearing zake

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa yanapotokea, kwa hiyo usiharakishe.

Krenki inakaa kwenye bearing kubwa nne. Namba 1 iko upande wa flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki), ni ya mduara mzima na ina ukingo. Namba 2 ni ya vipande viwili. Namba 3 na 4 ni za mduara mzima. Shingo, yaani sehemu za krenki zinazozunguka ndani ya bearing, za 1 hadi 3 pamoja na za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ni mm 55, ya 4 ni mm 40. Pima kila shingo kwa maikromita sehemu mbili, ukizungusha robo mzunguko, ili uone kama imekuwa yai.

Bearing hizi zina saizi mbili: ya ndani inafuata krenki, ya nje inafuata bloku. Krenki huchongwa kwa mm 0.25, 0.50 au 0.75. Bloku ni aloi ya magnesiamu. Likipata joto kali tundu za bearing hupanuka, hasa ya katikati, na kutobolewa upya kwa mm 0.50 au 1.00. Kama bloku limelegea, bearing mpya itacheza ndani yake hata kama krenki ni safi kabisa, na presha ya oili itashuka injini ikipata moto.

Bearing namba 3 ivalishwe kabla ya kugonga gia kwenye krenki. Ukisahau, gia itabidi itolewe tena. Kila bearing ikae sawasawa kwenye pini yake (kijiti cha chuma kwenye bloku kinachoizuia isizunguke); chora mstari kwa penseli unaoonyesha tundu la pini lilipo, maana krenki ikishalala hulioni. Funga nati za M12 kwa Nm 34, za M8 kwa Nm 20, ukizungusha krenki kwa mkono baada ya kila nati. Ikikaza ghafla, simama ufungue: bearing imekaa juu ya pini.

4. Kamshafti na pampu ya oili

Gia ya kamshafti (shafti inayofungua vali) ina alama mgongoni: 0, +1, -1 na kadhalika. Ni tofauti ya saizi kwa sehemu ya mia ya milimita. Rudisha alama ileile kama bloku halijatobolewa upya. Kisha tazama umbo: gia bapa ni ya zamani, iliyobonyea kama sahani ni ya miaka ya 1970. Kila moja ina pampu yake.

5. Mchezo wa krenki

Mchezo ni nafasi ya krenki kusogea mbele na nyuma, nao hurekebishwa kwa shimu, yaani washa nyembamba nyuma ya flaiwili. Shimu ni tatu daima. Weka mbili bila sili, funga flaiwili, pima mchezo kwa daili geji, toa mm 0.10, kinachobaki ndicho unene wa shimu ya tatu. Mfano: umepata 0.44, tafuta shimu ya 0.34. Mwishoni mchezo uwe kati ya 0.07 na 0.13. Nati ya flaiwili ni Nm 300, na hakuna njia ya mkato.

Maswali ya wanachama

*Boksi la bearing limeandikwa 0.50 mara moja tu. Ni ya ndani au ya nje?*
Usikisie. Geuza bearing usome maandishi ya mgongoni, kisha pima kwa maikromita. Muuzaji akikataa usifungue boksi, nenda duka jingine.

*Pistoni moja imepasuka. Naweza kununua moja tu?*
Ndiyo, ikiwa silinda nyingine ni nzima. Alama ya kahawia au "-" ni pistoni nyepesi, kijivu au "+" ni nzito. Chagua inayolingana na zilizobaki, tofauti isizidi gramu 10. Nunua pamoja na silinda yake. Mshale uelekee kwenye flaiwili.

*Nimefunga pampu mpya, taa ya oili haizimi kabisa.*
Toa pampu ulinganishe na gia ya kamshafti. Pampu ya gia bapa ikifungwa kwenye gia iliyobonyea, ulimi wake unashika kidogo sana au haushiki. Kinyume chake, pampu inagonga gia. Zima injini sasa hivi, usijaribu "kuisikiliza".

*Stadi ya hedi (bolti ndefu inayoifunga kwenye bloku) inazunguka bila kukaza. Niweke gundi ya chuma?*
Hapana. Nyuzi za bloku zimeng'oka, na gundi haitahimili joto. Peleka bloku litobolewe na kuwekwa bushi ya chuma yenye nyuzi, kwa stadi zote, si hiyo moja. Stadi za mm 10 hufungwa kwa Nm 32, za mm 8 kwa Nm 25. Anayezifunga zote sawa ndiye anayezing'oa.