Rezistansi ya mfululizo kwenye op-ampu: angalia kwanza iko pini gani

Wengi wetu tunaotengeneza ampli hapa Goma tukikuta rezistansi moja imekaa katikati ya njia ya sauti tunaitoa na kuweka waya, eti haina kazi. Kazi inayo, ila inategemea pini iliyo jirani. Tuchukue 741, op-ampu moja (chipu ya kukuza sauti): pini 2 na 3 za kuingilia, 6 ya kutokea.

1. Pini 6. Weka omu 100, ikae karibu kabisa na pini. Kebo ya sauti yenye ngao hubeba takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Miksa ikiwa nyuma ya kanisa na ampli mbele, mita 15, tayari ni pikofaradi 1,500. Mzigo huo unachelewesha mrejesho (sauti inayorudishwa kutoka pini 6 hadi pini 2), na op-ampu inaweza kuanza kutetema kwa kasi ambayo sikio halisikii. Utagusa chipu, ina moto. Sauti nayo inakwaruza. Omu 100 zinaitenga pini na kebo. Lakini waya wa mrejesho utoke pini 6 yenyewe, kabla ya rezistansi! Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

2. Pini ya kuingilia, sauti ikitoka kifaa cha nje. Chipu nyingi zina diodi za kinga ndani. Sauti ikiingia wakati chipu haina umeme, diodi hizo ndizo zinazobeba mkondo wote. Kilo-omu 10 kabla ya pini hiyo zinaubana: volti 12 hazitapitisha zaidi ya miliampea 1 na kidogo.

3. Pini 3, kwa ajili ya usawa. Pini za kuingilia za 741 huvuta kwa kawaida nanoampea 80. Kwenye mrejesho wa kilo-omu 100, hizo ni milivolti 8 za bure pini 6. Ikiwa pini 2 ina kilo-omu 10 na 100, weka pini 3 kilo-omu 9.1, yaani hizo mbili zikiwa sambamba.

Maswali

– Yaya, natumia op-ampu nyingine, TL072. Niweke hiyo 9.1?
– Hapana, ndugu. Mkondo wake ni wa pikoampea; utaongeza mvumo tu.

– Fundi, niliweka kilo-omu 10 pini 6, sauti ikapungua.
– Kama ampli yako ina kilo-omu 10 kwenye kuingilia, nusu ya volti imebaki kwenye rezistansi. Rudisha omu 100.

– Ya wati ngapi?
– Robo wati. Hata kebo ikigusana, 741 hujizuia karibu miliampea 25. Kwenye omu 100 hiyo ni wati 0.06.