SOMO: Jinsi ya kutengeneza muvi ya kodi za nyuklia zilizoibwa kwa bajeti ya kuunga unga

Wakuu habari za jioni. Niliahidi wiki ilopita nitashusha hili somo, umeme ukakata nikiwa katikati, leo tuendelee. Kwanza kabisa nikiandika kodi za nyuklia simaanishi kodi ya nyumba wala ya TRA, naongelea zile namba za siri ambazo kwenye muvi adui akizishika tu basi New York inageuka majivu. Najua kwenye kamusi ni misimbo ila sijawahi kukaa kibanda umiza nikasikia mtu anasema misimbo.

Kama umekulia kwenye vibanda umiza unazijua hizi muvi. Zile za miaka ya 90 zilizokua zinaenda moja kwa moja kwenye kanda bila kupita jumba la sinema, steringi komando mstaafu anaishi peke yake porini, anafatwa na helikopta, anakataa, afu wanamtajia mwanae anakubali. Adui ana kovu usoni. Kuna brifkesi la chuma na saa nyekundu inarudi nyuma na waya wa bluu na mwekundu. Kampuni kama PM Entertainment kule California walikua mabingwa wa kurusha magari hewani ili usipate muda wa kujiuliza stori iko wapi, Nu Image wao wakaja kujichimbia Bulgaria kwenye studio za Boyana pale Sofia maana gharama ni nafuu. Mimi nyingi niliziangalia na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, juu yake na nakiri Lufufu alizibeba sana, kuna muvi nimekuja kuitazama ukubwani bila yeye nikalala.

Sasa sisi hatuna magari ya kulipua wala Lufufu. Ila nimekaa nikasoma jinsi haya mambo yanavyofanyika kiukweli nikagundua kitu: uhalisia wake ni rahisi kushuti kuliko uongo wa hizo muvi. Uongo unataka helikopta. Ukweli unataka chumba kimoja na watu wawili.

HATUA YA 1: Jua unachoiba

Hapa ndo skripti nyingi zinaanguka. Lile begi linalomfata rais wa Marekani kila anapoenda, linabebwa na afisa wa jeshi, lina uzito kama wa kilo 20, na ndani HAKUNA kitufe chekundu. Kuna makaratasi ya machaguo ya mashambulizi na vifaa vya mawasiliano, basi. Kodi zenyewe ziko kwenye kadi ya plastiki anayotembea nayo rais mwenyewe, wenyewe wanaiita biskuti. Na hizo kodi hazirushi kombora. Kazi yake ni rais akipiga Pentagon, afisa wa zamu anamtajia herufi, yeye anasoma jibu lake kwenye kadi, wanajua kweli ndo huyu. Yaani ni kitambulisho. Ukiiba umeiba kitambulisho cha mtu, na ukipiga simu na lafudhi yako ya Tandale utajulikana kabla hujamaliza salamu.

Kwa hiyo adui wako asiwe na mpango wa kurusha kombora, mpe mpango mwingine. Anataka kuuza. Anataka rais aaibike. Anataka kwa muda flani rais asiweze kujitambulisha, hio ndo tamu zaidi, maana imeshatokea. Machi 30, 1981 Reagan alivyopigwa risasi, hospitali wakamkata nguo kama mgonjwa yoyote wa dharura, kadi ikaenda na vitu vyake mikononi mwa FBI kama ushahidi wa kesi. Na Jenerali Hugh Shelton aliyekua mkuu wa majeshi enzi za Clinton kaandika kwenye kitabu chake cha 2010 kwamba ile kadi iliwahi kupotea kwa miezi, kila wakienda kuikagua msaidizi anajibu rais yupo kwenye kikao. Soma tena hapo. Hio ni muvi nzima, msaidizi mmoja ofisini anadanganya kila mwezi huku jasho linamtoka, na bajeti yako ni meza na simu ya mezani.

HATUA YA 2: Hamisha hofu ipeleke chini ya ardhi

Marekani wana makombora ya Minuteman III 400, yako Montana, North Dakota, Wyoming, Nebraska na Colorado. Kuna vyumba vidogo chini ya ardhi, kila kimoja maafisa wawili zamu nzima, wamefungiwa nyuma ya mlango wa zege na chuma. Amri inapokuja ni ujumbe mfupi wa herufi na namba. Wanaunakili kwa mkono. Afu kuna sefu nyekundu ina makufuli mawili, kila afisa anajua namba za kufuli lake tu, mmoja hawezi kufungua peke yake. Ndani kuna kodi za kuhakiki na funguo. Wakishahakiki wanakaa kila mtu kwenye kiti chake, sehemu za funguo ziko mbali kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kunyoosha mikono akafikia zote, wanahesabu, wanazungusha pamoja. Na bado haitoshi! Inatakiwa chumba kingine, kilometa nyingi kutoka hapo, watu wengine wawili nao wazungushe.

Sasa fikiria. Amri imeingia, inasoma sahihi kila herufi, ila mmoja kasikia redioni mchana kwamba kodi zimeibwa. Mwenzie hataki kusikia. Hapo huhitaji bunduki hata moja mzee.

Na usije ukasema hakuna mwanajeshi anaeuliza maswali. 1973 kulikua na meja anaitwa Harold Hering, yupo mafunzoni kwa kazi hiyohiyo, akauliza nitajuaje amri imetoka kwa rais mwenye akili timamu. Swali moja tu. Wakamtoa mafunzoni na mwisho akatolewa jeshini, akaja kua dereva wa malori. Huyo ndo steringi wangu, sio komando.

HATUA YA 3: Seti

Tafuta kontena la futi 20, hata lile la duka lililofungwa. Paka kijani mpauko kama ya zahanati. Mashine za ukutani nilitengeneza kwa makava ya sabufa mbovu na CPU za kupima kilo kwa mafundi, nikatoboa nikaweka taa ndogo za LED. Usihangaike kutafuta skrini za kisasa, mfumo mmoja wa mawasiliano wa makombora yao ulikua unatumia diski laini za inchi 8, zile kubwa kama sahani, mpaka 2019. Ukionesha diski ya zamani mtazamaji atacheka kwamba bajeti imeisha, we mwambie hio ndo uhalisia.

Sehemu ya funguo: swichi ya bodaboda. Kabisa. Nilinunua mbili mpya za Boxer kwa fundi, nikazifunga kwenye ubao wa bati uliopakwa rangi nyeusi, ukizungusha inatoa ule mlio wa kla. Kamera ikiwa karibu na kidole, kucha yenye jasho, ule mlio ukiurekodi peke yake na simu ukaupandisha sauti kwenye editing, watu wanaacha kutafuna karanga.

Na mlango. South Dakota kuna kituo cha zamani kimegeuzwa makumbusho, kinaitwa Delta-01, wanajeshi walichora kwenye mlango boksi la pizza wakaandika wanaleta popote duniani ndani ya dakika 30 au chini ya hapo, wakichelewa linalofata ni bure. Huo ndo utani wa watu wanaokaa na kifo kila siku. Wahusika wako wawe na utani wao, usiwafanye wanaongea kama taarifa ya habari.

HATUA YA 4: Brifkesi liwe zito

Hii ndogo ila inaniuma. Muvi zote mtu anabeba brifkesi la nyuklia kama kabeba chapati. Langu nililitoa Kariakoo, nikaweka tofali la inchi 5 limezungushiwa taulo lisigonge, mwigizaji alivyonyanyua bega likashuka lenyewe, shingo ikakaza, hakuhitaji kuelekezwa chochote. Alinichukia siku nzima lakini.

HATUA YA 5: Ndege na makombora

Usitengeneze kwa kompyuta kama hujui, itaonekana katuni. Jeshi la Marekani lina hazina ya video inaitwa DVIDS, bure, picha za serikali yao kwa kawaida hazina hakimiliki. Soma masharti yao tu, usifanye ionekane jeshi limekudhamini. Kosa la wale wa miaka ya 90 ilikua kuchanganya, ndege inapaa ina injini moja, ikifika angani ina mbili, ikitua rangi nyingine. Chagua moja ubaki nayo.

HATUA YA 6: Vibali

Bodi ya Filamu kwanza, afu barua polisi, afu mjumbe. Mjumbe usimruke. Sisi tulimruka. Tulikua tunashuti sini ya kubadilishana brifkesi uchochoroni saa 2 usiku, jamaa kashika bastola ya plastiki ya dukani, mama mmoja akachungulia dirishani akapiga ukelele mmoja tu wa MWIZI. Mwigizaji wetu wa Kirusi (Mchaga mweupe kidogo) alikimbia na viatu vya kuazima mpaka barabara ya lami, kamera tuliipata asubuhi kwa mwenyekiti. Bora ilikua usiku watu wachache.

Nimemaliza. Maswali wekeni hapa.

MASWALI YA WADAU

Kipara wa Reli: Mkuu shule nzuri. Kwanini isiwe Bongo tu? Kodi ziibwe Dodoma.

Jibu: Kodi za nini sasa kaka, hatuna hata moja. Afrika nzima ni ukanda usio na silaha za nyuklia kwa mkataba wa Pelindaba uliosainiwa Cairo 1996. Ukitaka Afrika nenda Afrika Kusini, wale waliunda mabomu 6 kimyakimya wakayabomoa, rais wao de Klerk akatangaza Machi 1993. Na Novemba 2007 kwenye kituo chao cha nyuklia cha Pelindaba, chenye jina sawa na ule mkataba, watu wenye silaha walipita uzio wa umeme usiku wakafika mpaka chumba cha udhibiti wa dharura, wakampiga risasi mfanyakazi mmoja akapona, wakaondoka. Ni kituo kilichokua kinahifadhi urani ya kiwango cha bomu. Mtu akikwambia hio ni muvi ya bajeti ndogo utaamini.

Mama Nasri: Samahani kaka, kuna mahali nilisoma eti kodi ya makombora ya Marekani ilikua sifuri nane mfululizo, ni kweli au chai?

Jibu: Dada hio aliisema Bruce Blair, alikua mwenyewe afisa wa kwenye vile vyumba miaka ya 70, kwamba kufuli la Minuteman liliwekwa sifuri tupu ili lisicheleweshe vita. Jeshi la anga likakanusha. Kwenye skripti tumia hivohivo, mmoja aseme, mwingine akatae, usiamue wewe. Waingereza ndo wamezidi, mabomu yao ya ndege ya WE.177 yaliyostaafu 1998 yalikua yanawashwa na ufunguo kama wa kufuli la baiskeli, kodi hakuna kabisa.

Kasongo Katanga: Bonjour bandugu, miye wa Lubumbashi. Unasema Afrika haina kitu, na urani ya Hiroshima ilitoka wapi? Si kwetu Shinkolobwe?

Jibu: Kweli ndugu yangu na nimeteleza. Sehemu kubwa ya urani ya ule mradi wa Marekani wa kuunda bomu ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, na shehena ilikua imeshakaa ghalani Staten Island, New York, tangu 1940 kabla Wamarekani hawajaanza kuitafuta. Andika skripti ya ghala hilo, mlinzi wake anaelinda mapipa asijue nini kimo ndani. Nitaitazama wa kwanza.

Dogo Edita: Damu na milipuko bro, hujagusia.

Jibu: Makusudi, muvi yangu haina. Ila waangalie Waganda wa Wakaliga pale Kampala, Nabwana na wenzake wanaoshuti muvi, kondomu zenye maji ya rangi nyekundu zinapasuliwa na uzi wa kuvulia samaki, unaona damu inaruka vizuri tu. Zamani walitumia damu ya ng'ombe wakaacha baada ya mwigizaji kuumwa. Usijaribu ya ng'ombe.

Kipara wa Reli: Narudi tena. Swichi za Boxer ulifungaje, mbona nikizungusha taa haiwaki?

Jibu: Umeunga kila swichi na betri yake. Ziunge kwa kufatana, waya mmoja kutoka betri upite swichi ya kwanza, utoke uende ya pili, ndo uende kwenye taa. Hapo taa haiwaki mpaka zote mbili zimezungushwa. Nilivyowapa waigizaji nikawaambia mmoja akigoma taa haiwaki kweli, sio maigizo. Yule dada alikaa dakika 4 na ufunguo mkononi, mwenzie kazungusha anamsubiri, nikasahau kusema kata.